Chakula cha Ugenini na Haki ya Ahali

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi na kuotesha katika kila nchi riziki isiyopatikana katika nchi nyingine. Na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Zamani mtu wa Nyamwage aliposema kuwa anakwenda mbali, aghalabu maana yake ilikuwa kuvuka Mto Rufiji. Alikwenda mpaka Ndundu akangoja kivuko, na maji yakiwa mengi hungoja sana, naye amechukua unga wake na samaki wake wakavu. Na akifika ng'ambo hula kile kile alacho kwao, kwani wali wa Utete na wali wa Ikwiriri ni wali mmoja. Tangu mwaka 2003, lilipofunguliwa Daraja la Mkapa, mto ule huvukwa kwa gari kwa dakika chache. Mtu aliyekunywa uji kwake alfajiri aweza kuwa Dar es Salaam adhuhuri, na usiku akapanda ndege, na asubuhi yake yuko Maskati au yuko Mumbai. Wala siku hizi haendi peke yake. Huenda na mkewe na watoto wake, na pengine na mama yake mzazi apelekwaye kutibiwa.

Basi mas'ala ya kula ugenini, ambayo kwa wazee yalikuwa ni mas'ala ya mabaharia na mahujaji, sasa yamekuwa mas'ala ya mama na watoto. Nayo ni haya: mtu anapokuwa katika nchi ya watu pamoja na ahali zake, akaandaliwa kitu asichokijua jina wala asili, na mtoto wake amekwisha kunyosha mkono, lipi limpasalo? Ale kwa kuwa mgeni hana hiari? Akatae kwa kuwa asichokijua ni cha kuogopwa? Na akikataa yeye, je, ana haki ya kuwakatalia na wale alio nao?

Wako wasemao kuwa jambo hili halina haja ya maneno mengi: kilicho halali huliwa na kilicho haramu huachwa. Neno hilo ni kweli, lakini ni kama kumwambia msafiri kwamba njia iliyo sawa ndiyo ya kufuatwa. Shida yake haiko hapo. Shida iko pale asipoiona njia.

Yaliyo wazi yatangulie. Nyamafu, na damu, na nyama ya nguruwe, na kilichochinjwa kwa jina lisilokuwa la Mwenyezi Mungu, na kila kileweshacho, hukumu yake haibadiliki kwa kubadilika nchi. Hapa wengi huteleza, kwani wamesikia kuwa msafiri amehafifishiwa. Ni kweli amehafifishiwa: sala ya rakaa nne huisali mbili, adhuhuri na alasiri huzikusanya, na saumu ya Ramadhani aweza kuifungua akaja kuilipa. Lakini na atazame vyema ni katika mambo gani aliyohafifishiwa. Amepunguziwa mzigo wa ibada kwa sababu ya taabu ya njia, hakuongezewa sahani. Aliyeruhusiwa kula kilicho haramu ni mwenye dharura, yule aogopaye kufa kwa njaa, naye huruhusiwa kadiri ya kuishika roho yake tu. Na mtu aliyelipa nauli ya ndege ya watu watano, akakaa katika hoteli yenye maji ya moto na ya baridi, ni vigumu kumhesabu katika watu wa dharura. Hamu si dharura, na haya ya kuonekana mshamba mbele ya wenyeji si dharura vile vile.

Lakini kosa hilo la kumeza kila kitu ni kosa lionekanalo, na mwenye kulitenda mwenyewe hulijua. Liko kosa jingine lililojificha, nalo hupatikana zaidi kwa watu wema: ni kukikataa cha watu kwa kiburi au kwa kinyaa, kisha kukivika kukataa huko kanzu ya dini.

Imepokewa katika khabari sahihi ya kwamba Mtume (s.a.w.), alipokuwa nyumbani kwa mkewe Bibi Maimuna, aliandaliwa dhabu aliyechomwa, naye ni mnyama wa jangwani afananaye na guruguru. Alipojulishwa ni nini, aliuzuia mkono wake. Khalid bin Walid akauliza kama ni haramu. Akajibiwa kuwa si haramu, lakini mnyama huyo hakuwako katika nchi ya watu wa Mtume, na nafsi yake haimpendi. Khalid akaivuta nyama ile akaila, na Mtume akimtazama wala asimkataze.

Na izingatiwe khabari hii, kwani imekusanya karibu mas'ala yote. Aliyekuwa na haki kubwa kuliko watu wote ya kusema kuwa kitu hiki hakifai, hakusema hivyo. Aliitenga hukumu ya Mungu na hukumu ya tumbo lake. Hakuona haya kukiri kwamba ni mambo ya mazoea tu, kwamba kwao hakiliwi. Wala hakuyafanya mazoea yake kuwa sharia juu ya mtu mwingine aliyekaa naye katika sinia moja. Tena hakukitia ila chakula cha watu. Na hiyo ndiyo ada iliyohadithiwa juu yake siku zote, kwamba hakukitia aibu chakula hata mara moja: akikipenda hukila, na asipokipenda hukiacha.

Sasa na afikiriwe baba wa watoto katika mji mgeni. Mtoto amesimama mbele ya kioo cha duka, na nyuma ya kioo kuna barafu za maziwa za rangi saba. Baba anaitazama bei, anaigeuza kwa shilingi, anaona kuwa kopo moja ni sawa na kilo kadhaa za mchele. Hana fedha hizo, au anazo na zina kazi nyingine. Lililo rahisi kwake ni kusema: "Twende, mwanangu, hicho haramu." Mtoto hunyamaza mara moja, kwa kuwa neno hilo lina nguvu kuliko fimbo. Lakini baba huyu amefanya nini? Amemsingizia Mwenyezi Mungu uwongo ili auhifadhi mfuko wake. Na Kur'ani imewaonya vikali wale ambao ndimi zao hutamka kuwa hiki halali na hiki haramu pasipo ilimu. Tena amelipunguza neno lenyewe. Mtoto akikua akajua kwamba barafu ile ilikuwa maziwa na sukari na embe, ataliweka neno "haramu" pamoja na maneno mengine ya wazee ya kutishia, kama zimwi na popobawa, na siku atakayoambiwa kuwa mvinyo ni haramu atacheka kimoyomoyo. Ilikuwa kheri kwa baba kusema: "Mwanangu, fedha hatuna." Umasikini si aibu, na mtoto wa Nyamwage hakosi kulijua neno hilo.

Vivyo hivyo kwa vyakula ambavyo wanavyuoni wenyewe wamekhitilafiana. Watu wa delta ya Rufiji hawana haja ya kupanda ndege ili kuiona khitilafu hii, kwani iko mlangoni pao. Kamba wavuliwao kule mikokoni huliwa na Mshafii pasipo shaka, kwa kuwa kilichovuliwa baharini ni halali. Lakini Mhanafi hakubali katika vya baharini ila samaki, na wenziwe wamebishana kama kamba ni samaki au si samaki. Ama kaa, kauli mashuhuri katika madhhabi ya Shafii ni kuwa haliwi, kwa kuwa huishi majini na nchi kavu. Na Wamaliki humla. Na kaa wale wa mikokoni hununuliwa wakiwa hai, wakafungwa makoleo, wakapelekwa Dar es Salaam na kutoka hapo wakasafirishwa kwa ndege mpaka China. Basi yawezekana mtu wa Rufiji akakaa katika nyumba ya kulia ya Guangzhou, akaletewa kaa wa kwao aliyetangulia kusafiri, naye akajivuta nyuma na kusema, "Watu hawa wanakula kila kitu!" Wakati kaa yule alipopimwa kwenye mizani hakujivuta nyuma. Mwenye kushika kauli ya madhhabi yake na aishike. Lakini yampasa ajue kuwa ni kauli, na kwamba iko nyingine ya watu wasiokuwa duni katika ilimu, na kwamba mizani nayo ina mas'ala yake.

Ibn Battuta wa Tanja ni mfano mwema kwa msafiri, kwa mazuri yake na kwa upungufu wake. Alifika pwani hii mwaka 1331, akapita Mogadishu na Mombasa mpaka Kilwa, mji ambao kutoka Nyamwage ni kushika tu njia ya kusini. Aliyaandika mapishi ya Mogadishu kwa furaha: wali uliotiwa samli na mchuzi wake, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu na pilipili zilizotiwa chumvi, tangawizi, maembe. Hata unene wa wenyeji na wingi wa kula kwao hakuuacha. Lakini miaka 20 na zaidi baadaye, alipofika Mali, alipelekewa zawadi ya mfalme, akasimama kuipokea akidhani ni nguo za heshima na fedha. Kumbe ni mikate mitatu, na kipande cha nyama ya ng'ombe iliyokaangwa, na kibuyu cha maziwa ya mgando. Akacheka, akawastaajabia watu wanaokikuza kitu kidogo namna ile. Mtu aweza kumwonea udhuru, kwa kuwa kabla yake alikuwa mgonjwa sana kwa ugali wa kiazi cha nchi ile alioula pamoja na wenziwe. Walikuwa sita, na mmoja wao alikufa. Walakini, mikate mitatu haikuwa na kosa. Aliyeipeleka aliipeleka kwa heshima, na kicheko kile kimebaki kimeandikwa, na wenye kusoma leo humhukumu aliyecheka kuliko aliyetoa. Na China, nchi ambayo uzuri wake aliukiri, ilimchukiza kwa ukafiri na mambo maovu aliyoyaona, hata akawa hapendi kutoka nje ila kwa haja. Na alipokutana na Waislamu wa huko alikuwa kama aliyekutana na jamaa zake. Hisia hiyo haina lawama. Msafiri yeyote aliyetembea siku nzima akitafuta mahali pa kula na watoto wenye njaa aijua.

Wafanyabiashara wa Kariakoo waendao Guangzhou siku hizi hupata nafuu. Wako Waislamu Wachina waitwao Wahui, wenye nyumba zao za kulia, ambako unga wa ngano huvutwa kwa mikono mpaka ukawa nyuzi nyembamba ukatiwa katika supu ya ng'ombe. Na juu ya mlango huwekwa maandishi ya Kichina yenye maana ya usafi na ukweli, ndiyo alama yao ya chakula cha Kiislamu. Mtu wa pwani hamjui mpishi, lugha yake haijui, lakini akitoa salamu huitikiwa. Hapo maswali yote hukoma. Nyama iliyoletwa na Mwislamu haichunguzwi. Na imepokewa kwa Bibi Aisha kuwa watu walimwuliza Mtume juu ya nyama waliyoletewa na watu walio wapya katika Uislamu, wasijue kama ilitajiwa jina la Mungu au haikutajiwa, akawaamrisha walitaje wao wenyewe, na wale. Wengi wa wenye kujiita wachaji wangefanya vyema kuikumbuka khabari hii kabla ya kumhoji mwenyeji wao jina la mchinjaji.

Lakini nyama haina hila nyingi. Nyama yajulikana ni nyama, na mtu hujihadhari nayo. Hila iko katika vitu vitamu viletwavyo mwisho wa mlo, ambavyo watu hudhani havina nafsi ya mnyama ndani yake, na ambavyo ndivyo khasa vya watoto. Keki nzuri ya Kichina ya sikukuu ya mwezi, yenye nakshi juu na ujazo mtamu ndani, kwa mapishi ya kale hutiwa mafuta ya nguruwe. Tiramisu ya Waitaliano, yenye kahawa na malai, aghalabu hutiwa mvinyo au kileo kingine. Vanila ni tunda la mmea utambaao kama mdalasini ulivyo gome la mti, na Uganda huilima kwa wingi. Lakini kiini chake kiuzwacho katika chupa hutolewa kwa kuiloweka katika kileo, na wanavyuoni wana maneno mengi juu ya kiasi kidogo kisicholewesha wala kuonekana. Na ile jeli ing'aayo, itetemekayo katika bakuli, ambayo mtoto akiiona husahau jina lake, hugandishwa aghalabu kwa jelatini. Nayo hupatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya nguruwe au ya ng'ombe. Wako waliosema kuwa kitu kikigeuka umbo na tabia hugeuka hukumu, na mlango huo kwa Wahanafi na Wamaliki ni mpana. Washafii wameubana sana, mfano wa mvinyo uliogeuka siki wenyewe, na ngozi ya nyamafu iliyotiwa dawa ikalainika, isipokuwa ya mbwa na ya nguruwe.

Na hapa pana jambo la kustaajabisha. Si kila kigandacho ni jelatini. Wako wagandishao kwa mwani. Mwani huo hulimwa katika ufuo wa Unguja tangu mwaka 1989, na walimaji wake wengi ni wanawake, wa Paje na Jambiani na kwingineko, wanaoingia majini wakati wa kupwa wakafunga vipande katika kamba. Ukikauka hupelekwa ng'ambo, ukatolewa kitu kiitwacho karajinani, ambacho huandikwa katika vifurushi kwa alama ya E407, kikatiwa katika barafu za maziwa na vitamu vya namna nyingi. Basi baba asiyeuliza aweza kumpokonya mwanawe bakuli lililogandishwa kwa jasho la mwanamke wa Jambiani, kisha kesho yake akampa pipi laini iliyotoka katika ngozi ya nguruwe, kwa kuwa tu ile ya kwanza ilikuwa ngeni na hii ina picha ya dubu anayecheka. Ujinga haukumwongezea uchaji. Ulimpotosha pande zote mbili.

Kwa hivyo njia ni kuuliza na kusoma. Mtume amefundisha kuwa halali iko wazi na haramu iko wazi, na baina yake kuna yenye kutatiza, na mwenye kujiepusha nayo ameitakasa dini yake na heshima yake. Wako walioifahamu khabari hii kana kwamba mambo yenye kutatiza ni yale wasiyotaka kuyachunguza. Siyo. Kilichoandikwa juu ya kifurushi si chenye kutatiza kwa mwenye macho. Kinatatiza baada ya kuulizwa na kusomwa, ikabaki shaka. Na binti wa darasa la saba, ambaye baba hamwamini kuubeba hata mfuko wa pasi za kusafiria, mara nyingi ndiye asomaye Kiingereza cha kifurushi vizuri kuliko watu wote wa safari ile. Akabidhiwe kazi hiyo. Atakapoona kuwa kimeandikwa "gelatine" bila kutajwa mnyama, akasema mwenyewe, "Baba, hiki tukiache," neno hilo litakuwa limetoka kwake, wala hakuna atakayehitaji kumchunga siku atakayosafiri peke yake. Mchungaji ataulizwa juu ya alichokichunga. Lakini mwanadamu huchungwa ili ajue kujichunga.

Na mtoto akiwa amekwisha kula kabla ya kujulikana? Hana dhambi, na baba yake hana dhambi ikiwa hakujua wala hakupuuza. Asipigwe kofi mbele ya watu, wala asitiwe kidole kooni. Wapo waliofanya hivyo, na mtoto alichokishika katika safari nzima ni kofi lile.

Sasa ikadiriwe nyumba ya Maskati. Huko wako wengi wasemao Kiswahili, ambao wao au wazee wao walitoka Unguja na Pemba na mrima. Waliondoka baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, na baada ya Sultani Qaboos kushika ufalme mwaka 1970 Oman iliwafungulia mlango. Mtu wa Nyamwage ana dada yake aliyeolewa katika watu hao, naye amemwendea pamoja na mke, watoto na mama. Hapa hapana shaka ya halali. Sinia limewekwa chini: wali, nyama iliyopakwa viungo ikafungwa majani na kuzikwa katika tanuri la shimo tangu jana, harisi ambayo Unguja huitwa bokoboko, na papa mkavu ambaye majahazi yalimchukuza baina ya pwani hizi mbili kwa karne nyingi. Kabla yake kahawa chungu na tende, na halua katika chombo chake: sukari, wanga, samli, zafarani, hiliki na marashi ya waridi, iliyokorogwa katika sufuria kubwa ya shaba kwa muda mrefu bila mkono kupumzika.

Mama mzee ameketi pembeni. Nyama ya shimoni haijui, na nyumba ni kubwa, na mkwe wa watu amekaa mbele yake. Mwenyeji amwambia, "Bibi, karibu, tia mkono." Naye ajibu, "Ahsante, mwanangu, nimeshiba." Hajala tangu ndegeni, na ndegeni alikula kipande cha mkate. Katika furushi lake mna unga wa muhogo na perege wakavu, aliowafunga Nyamwage kwa kujua kwamba atakuja kushinda njaa.

Hapa ndipo penye uzito kuliko pa vifurushi vyote. Imepokewa kuwa Mtume aliwakaribisha maziwa wanawake waliokuwako, nao wakasema hawana hamu, akawanasihi wasikusanye njaa na uwongo. Lakini uwongo wa mama huyu haukuzaliwa kwake peke yake. Umezaliwa na watu wazima waliomleta wasimtengezee njia. Mwanawe ashughulika na kuonekana mzoefu; ameshika kisu na uma vizuri, anasifu zafarani. Mkwewe anawazuia watoto wasimwage mchuzi. Hakuna aliyemwambia mwenyeji, kwa adabu na bila haya, kwamba mama hajazoea nyama ya namna hii na angependa wali mweupe na samaki. Dada mtu asingeudhika. Angefurahi kupata cha kumpa. Aliyesema mbele ya kaumu yake kwamba nafsi yake haikipendi kitu fulani, kwa kuwa hakikuwako kwao, ni mbora wa viumbe. Basi haya ya mwana wa Nyamwage ni ya nini? Na halua ile, ambayo mwana anawafasiria watu wake kama kitu kipya, mama angeijua, kwani aliila katika sikukuu za Dar es Salaam alipokuwa msichana. Hakuna aliyemwuliza.

Haki za ahali, wanapozitaja waandishi, huanza kwa chakula na nguo. Nyumbani haki ya chakula ni kukileta. Safarini ni zaidi ya hapo. Ni kuutazama uso wa kila mmoja baada ya kukileta, kwani ugenini mtu hana jiko lake la kukimbilia wala jirani wa kumwomba chumvi. Na mtu aliyeweza kusoma orodha ya vyakula kwa lugha tatu, akashindwa kusoma njaa katika uso wa mama yake, hakufaidi kwa kusoma kwake.

Lililobaki ni la kurejea. Watoto hurudi Nyamwage na majina mapya kinywani. Huanza kusema kuwa ugali wa muhogo una harufu, na kisamvu ni majani tu, na mwenyewe baba, akiwa barazani, huhesabu alichokula kana kwamba ahesabu mali. Kuhadithia neema si vibaya. Limekuja agizo la kuitaja neema ya Mola. Lakini na atazame anamhadithia nani. Mwezi wa Aprili 2024 maji ya Rufiji yalipanda yakafunika mashamba katika Rufiji na Kibiti, na wako waliopoteza mpunga na mahindi ya mwaka mzima. Kumsimulia mtu kama huyo jinsi mwana-kondoo alivyolainika shimoni, kisha kuingia ndani na kufunga mlango, ni jambo zito kuliko nusu ya mambo ambayo mtu huyo huyo aliyakataa ugenini kwa ajili ya dini yake.

Halua ya Maskati hudumu siku nyingi bila kuharibika, na ndiyo sababu wasafiri huichukua. Kopo moja la kilo, likikatwa vipande vidogo vya kidole, latosha nyumba kumi na tano na zaidi. Watoto ndio wapelekwe kugawa, kila mmoja na kisahani chake, kabla ya kikombe cha kwanza cha chai kunywewa na wenye nyumba. Na waambiwe wangoje, wasiache kisahani mlangoni, wakae wale pamoja na wenyewe chochote watakachokaribishwa, hata kikiwa ni muhogo wa kuchemsha.